Tindikali ya Hipoklorasi: Kazi Iliyotangulia Jina

Katika jamii ya tindikali zitokanazo na klorini imo moja ambayo haijapata kutengwa ikiwa safi peke yake. Hukaa majini tu, tena kwa muda. Maji yakiondolewa huvunjika, na hata humo majini hupungua siku baada ya siku. Wanakemia huiita tindikali ya hipoklorasi. Umbo lake ni dogo mno: atomi moja ya haidrojeni, moja ya oksijeni na moja ya klorini, oksijeni ikiwa katikati na hizo mbili zikiwa zimeshikamana nayo kwa pembe ya nyuzi 103 hivi. Lakini kitu hicho kisichodumu ndicho kilichopausha kitani na pamba za Ulaya, kikapunguza vifo vya wazazi hospitalini, na hadi leo ndicho kinachoua vijidudu katika maji ya kunywa ya miji mingi ya dunia.

Historia yake inawahusu wachunguzi wa lugha kama inavyowahusu wachunguzi wa kemia. Kwa muda wa miaka 60, tangu 1774 hata 1834, kazi ya tindikali hii ilionekana kila mahali nayo yenyewe haikutambuliwa. Ilifichwa na wepesi wake wa kuvunjika. Na ilifichwa pia na majina ambayo wataalamu walikipa kitu kilichoizaa.

Mwanzo wa habari ni mwaka 1774 katika nchi ya Uswidi. Carl Wilhelm Scheele, mtengenezaji wa dawa, alichanganya tindikali ya chumvi na jiwe jeusi la manganizi, akaona hewa ya rangi ya kijani yenye umanjano ikitoka. Hewa hiyo ilikaba pumzi na kula metali, na vitu vya rangi vilivyowekwa ndani yake, kama maua na majani mabichi, vikapoteza rangi. Siku zile wanakemia wengi waliamini kwamba kila kitu kiwezacho kuungua kina ndani yake kitu kiitwacho flojistoni, ambacho hutoka wakati wa kuungua. Basi Scheele akaiita hewa ile tindikali ya chumvi iliyoondolewa flojistoni. Jina hilo lilikuwa zaidi ya jina, kwa kuwa ndani yake mlikuwa na hukumu: kwamba hewa mpya ni tindikali ya zamani iliyopungukiwa na kitu fulani.

Miaka 11 baadaye, katika 1785, Claude Louis Berthollet wa Ufaransa aliishika kazi hiyo upya. Aliyeyusha hewa ile katika maji, akayaweka maji hayo kwenye mwanga wa jua. Vipovu vikaanza kupanda, na alipovipima akaona ni oksijeni. Rangi ya maji ilipokwisha kupotea, kilichobaki ndani yake kilikuwa tindikali ya chumvi. Hoja ikajileta yenyewe: ikiwa hewa ya kijani hutoa oksijeni na kubakiza tindikali ya chumvi, basi hewa hiyo ni tindikali ya chumvi iliyoshikana na oksijeni.

Alichokiona Berthollet kilikuwa kweli. Alichokosea ni mahali ilikotoka ile oksijeni. Klorini ikiingia majini, sehemu yake huungana na maji na kuzaa tindikali mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni tindikali ya chumvi, iliyo na klorini na haidrojeni tu. Ya pili ni tindikali ya hipoklorasi, ambayo oksijeni yake imetoka katika maji. Mwanga wa jua huivunja hii ya pili. Oksijeni huenda zake, na inayosalia ni tindikali ya chumvi nyingine. Kwa hiyo vipovu vya Berthollet vilikuwa vya maji, wala havikuwa vya klorini, na aliyevitoa alikuwa mpita njia ambaye hakuacha alama ya kupita kwake. Ushahidi uliowapoteza wataalamu ulikuwa ni kifo cha tindikali ambayo hakuna aliyejua kwamba imezaliwa.

Kosa hilo lilitiwa nguvu na jina jingine. Antoine Lavoisier, aliyeivunja imani ya flojistoni, alikuwa amekiita kipande muhimu cha hewa kwa maneno mawili ya Kiyunani yenye maana ya kuzaa uchachu, yaani oksijeni. Alidhani kwamba kila tindikali lazima iwe nayo. Katika 1787 Lavoisier, Berthollet, Guyton de Morveau na Fourcroy walitoa kitabu cha kupanga majina ya kemia, kitabu ambacho athari yake ingalipo katika kila lugha inayofundisha elimu hiyo. Humo hewa ya Scheele iliandikwa kuwa tindikali ya chumvi yenye oksijeni. Kuanzia hapo aliyetaka kusema kwamba hewa ile haina oksijeni alilazimika kwanza kupingana na jina lake.

Wakati wataalamu wakishughulika na jina, watu wa viwandani walikuwa wameshika kazi. Kabla ya hapo kupausha kitani, yaani kuondoa rangi ya asili ya uzi, kulichukua miezi mingi. Kitambaa kilichemshwa katika maji ya majivu, kikatandazwa majanini kipigwe na jua na umande, kikalowekwa katika maziwa yaliyochacha, kisha kazi ikarudiwa tena na tena. Ardhi kubwa ilitumika kwa kutandazia nguo tu. Berthollet, ambaye serikali ya Ufaransa ilikuwa imemweka kusimamia kazi ya upakaji rangi, aliona kwamba hewa ya Scheele yaweza kuifanya kazi hiyo kwa muda mfupi sana, na hakuificha siri hiyo. James Watt, yule wa injini ya mvuke, aliiona Paris na kuipeleka kwa mkwewe huko Glasgow, aliyekuwa na biashara ya kupausha nguo.

Hata hivyo maji ya klorini peke yake yalikuwa mabaya kwa wafanyakazi, kwani harufu yake iliumiza mapafu, na nguvu yake ilipotea upesi. Dawa ya shida hiyo ilipatikana katika vitu vyenye asili ya majivu na chokaa. Kiwandani Javel, kando ya mto Seine karibu na Paris, mwishoni mwa miaka ya 1780 hewa ile iliingizwa katika maji ya potashi, yakapatikana Maji ya Javel. Katika 1799 Charles Tennant wa Glasgow alipata haki ya kutengeneza unga mkavu kwa kuipitisha klorini juu ya chokaa iliyozimwa. Unga huo uliweza kutiwa katika mapipa na kusafirishwa, jambo ambalo maji hayakuliweza. Sababu yake inafahamika sasa. Tindikali ya hipoklorasi ikikutana na chokaa au potashi hugeuka chumvi, na chumvi hiyo huvumilia zaidi kuliko tindikali yenyewe. Ikitiwa majini na kupata uchachu kidogo, hata ule wa hewa tunayoitoa tukipumua, tindikali hurudi na kufanya kazi. Kwa hiyo wenye viwanda walikuwa wamejifunza kumhifadhi mgeni wasiyemjua.

Kosa la jina lilidumu hadi 1810. Mwaka uliotangulia, Joseph Louis Gay-Lussac na Louis Jacques Thénard wa Paris waliipitisha hewa ile juu ya makaa mekundu ya moto. Kama ingekuwa na oksijeni, makaa yangeiteka, lakini hawakuipata. Waliandika kwamba yawezekana kuidhani hewa hiyo kuwa kitu cha asili kisicho na sehemu, kisha wakabaki na fikira ya zamani. Huko London, Humphry Davy alifanya majaribio ya namna hiyo na kwa nguvu ya umeme pia, akakata shauri: hakuna oksijeni humo, na hewa hii ni elementi. Alipotafuta jina jipya alikataa kulijenga juu ya nadharia yo yote. Alichukua neno la Kiyunani lenye maana ya kijani hafifu, akaiita klorini, kwa sababu rangi yake ingebaki ile ile hata kama fikira za watu juu yake zingebadilika tena.

Hapo swali likawa jingine. Ikiwa klorini haina oksijeni, ni kitu gani kilicho ndani ya Maji ya Javel na unga wa Tennant? Wengine walisema ni klorini iliyoshikwa na chokaa, basi. Jibu lilitoka kwa Antoine Jérôme Balard wa Montpellier, ambaye katika 1826 alikuwa amekwisha kujulikana kwa kugundua elementi ya bromini katika maji ya chumvi. Katika 1834 Balard aliitikisa klorini pamoja na maji yaliyochanganywa na unga wa oksidi ya zebaki. Oksidi hiyo iliiteka ile sehemu ya klorini ambayo ingekuwa tindikali ya chumvi, ikabaki tindikali ya pili peke yake majini. Kwa mara ya kwanza iliwezekana kuijaribu bila mwenzake. Aliipata pia hewa inayotokana na tindikali hiyo ikinyimwa maji, iliyo na klorini mbili na oksijeni moja, ambayo hulipuka ikipashwa moto. Akaonyesha kwamba nguvu ya kupausha iliyomo katika unga na maji yale inatokana na chumvi za tindikali hii.

Jina alilolipata kitu hicho linafaa kutazamwa. Tindikali yenye oksijeni tatu, aliyoitenga Gay-Lussac katika 1814, ilikuwa tayari imeitwa ya kloriki. Kwa kanuni ya kitabu cha 1787 yenye oksijeni pungufu yafaa kuitwa ya klorasi, na yenye pungufu zaidi hutanguliziwa neno la Kiyunani la chini: hipoklorasi. Ile ya oksijeni nne, iliyopatikana Vienna katika 1816, ikawa ya pakloriki. Basi majina manne yamepangwa kama vidato vya ngazi, kila kidato kikiongeza oksijeni moja. Lakini ngazi hiyo ukiitazama kwa kudumu kwake haina chini mahali jina linapoonyesha chini pekee. Ya pakloriki, iliyo juu, yaweza kupatikana ikiwa safi. Ya kloriki yaweza kukolezwa kiasi majini. Ya klorasi na ya hipoklorasi hazipatikani nje ya maji. Na kwa wepesi wa kufanya kazi mpango hugeuka kabisa: iliyo chini ya wote kwa jina ndiyo huwatangulia wengine katika kuondoa rangi na kuua vijidudu.

Njia za kuvunjika kwake ni kadha. Mwangani hutoa oksijeni, kama alivyoona Berthollet. Ikikutana na tindikali ya chumvi kwa wingi hurudi kuwa klorini, na ndiyo sababu dawa ya kupaushia nguo haifai kabisa kuchanganywa na tindikali za kusafishia vyoo. Hewa itokayo yaweza kuua. Na chumvi zake zikipashwa moto hujigawanya, sehemu ikawa chumvi ya kawaida na sehemu ikawa klorati. Klorati ya potashi alikwisha kuipata Berthollet mwenyewe, na ilipojaribiwa kuwa baruti huko Essonnes katika 1788 ilipasuka ikaua watu. Kwa uchachu tindikali ya hipoklorasi ni dhaifu sana. Katika maji ya joto la kawaida, kipimo cha pH kikiwa 7.5, nusu yake huwa tindikali kamili na nusu huwa imepoteza haidrojeni na kubeba chaji ya umeme.

Sehemu hizo mbili hazilingani kwa kazi. Ngozi ya kijidudu huizuia ile yenye chaji, lakini tindikali kamili haina chaji, tena ni ndogo kama maji, kwa hiyo hupenya. Ikiisha kuingia huivunja mitambo ya ndani ya kijidudu kwa kuwapa wengine klorini au kuwanyang'anya elektroni, nayo yenyewe huisha katika kitendo hicho. Wenye kusafisha maji hukadiria kwamba huua vijidudu mara 80 hadi 100 kuliko mwenzake mwenye chaji. Waswahili husema chema hakidumu. Katika tindikali hii sababu ya wema na sababu ya kutodumu ni moja. Oksijeni na klorini zimeshikana humo kwa ulegevu, na kitu kilicho imara kisingeweza kutoa alichonacho kwa haraka namna hiyo.

Manufaa hayo yalijulikana kwanza kwa pua. Katika miaka ya 1820 Antoine Germain Labarraque, mtengenezaji wa dawa wa Paris, alitumia chokaa na soda zilizotiwa klorini kuondoa uvundo katika viwanda vya matumbo ya wanyama na mahali pa kuhifadhia maiti. Harufu ndiyo iliyomwongoza pia Ignaz Semmelweis katika Hospitali Kuu ya Vienna. Huko madaktari na wanafunzi walikuwa wakitoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kuwapima wajawazito katika kliniki ya kwanza ya uzazi. Mwezi wa Aprili 1847 wanawake zaidi ya 18 katika kila 100 walikufa humo kwa homa ya uzazi. Semmelweis alifikiri kwamba vipande vya maiti hubaki mikononi, kwa kuwa sabuni haikuiondoa harufu yake, na kwamba kitakachoiondoa harufu kitaviharibu vipande hivyo. Katikati ya Mei aliagiza kila mtu aoshe mikono kwa maji ya klorini, na baadaye kwa chokaa ya klorini kwa kuwa ni rahisi kwa bei. Mwezi wa Juni vifo vilikuwa kama 2 katika 100, na Julai kidogo kuliko hapo. Elimu ya vijidudu ilikuwa haijazaliwa, na wakubwa wengi wa tiba hawakumsadiki. Alikufa katika 1865 bila kuona fikira yake ikikubaliwa. Wanawake waliopona walipona kwa tindikali ambayo Balard alikuwa ameitambua miaka 13 tu kabla ya hapo, na wala Semmelweis hakuwa akiitafuta.

Maji ya mijini yalifuata. Homa ya matumbo ilipoingia Maidstone, Uingereza, katika 1897, mabomba ya mji yaliosheshwa maji ya unga wa klorini. Katika 1905 Alexander Houston alianza kutia dawa ya hipoklorati katika maji ya Lincoln kwa mfululizo. Marekani, bwawa la Boonton linaloupa maji mji wa Jersey City lilianza kutiwa chokaa ya klorini tarehe 26 Septemba 1908, kwa shauri la daktari John L. Leal. Watu walichukia kusikia kwamba maji yao yametiwa sumu ya kufulia nguo, na neno likafika mahakamani. Mwisho njia hiyo ikakubaliwa na kuenea. Katika Vita Kuu ya Kwanza Henry Dakin na Alexis Carrel waliosha vidonda vya askari huko Ufaransa kwa hipoklorati ya sodiamu ya kiasi cha nusu katika 100. Edinburgh, katika 1915, ikatoka dawa ya unga wa klorini na tindikali ya boroni, ambayo shabaha yake hasa ilikuwa kuitoa tindikali ya hipoklorasi yenyewe. Iliitwa eusoli, jina lililofanywa kwa herufi za kwanza za maneno ya Kiingereza yaliyoutaja mji, chuo kikuu chake na maji ya chokaa. Ni jina lisilotaja hata kidogo kitu kinachofanya kazi ndani yake.

Ugunduzi wa mwisho ndio ulioshangaza zaidi. Katika 1941 Kjell Agner wa Uswidi alitenga katika usaha kimeng'enya cha kijani, ambacho ndicho kiutiacho usaha rangi yake. Katika miaka ya 1967 na 1968 Seymour Klebanoff wa Marekani alionyesha kwamba kimeng'enya hicho kikipewa haidrojeni peroksaidi na chumvi za jamii ya klorini huua bakteria, na katika 1976 Harrison na Schultz walionyesha kwamba kinachotengenezwa ni tindikali ya hipoklorasi. Chembe nyeupe za damu hummeza kijidudu, kisha humtengenezea tindikali hii papo hapo kwa chumvi iliyo mwilini. Kwa kuwa haihifadhiki, mwili hauiweki akiba, huifanya inapohitajiwa. Basi kabla ya Javel na Glasgow, kila mtu mwenye afya alikuwa na kiwanda chake.

Katika Afrika ya Mashariki chumvi za tindikali hii hutiwa katika maji ya visima na mapipa wakati wa kipindupindu, na majumbani hufulia nguo nyeupe. Jina la biashara Jik limekuwa jiki vinywani mwa watu, na wengi huliita hivyo hata chupa ikitoka kiwanda kingine. Neno hilo limefanya alivyofanya Davy, bila kukusudia: limekitaja kitu bila kudai kujua asili yake.

Kwa wanaounda istilahi, historia hii ina funzo la kutendeka. Wajerumani walipolitafsiri neno oksijeni walisema kitu cha uchachu, na Warusi wakasema kizaa uchachu. Kosa la Lavoisier likapata makao ndani ya lugha zao, likisikika kwa kila mtoto wa shule, ingawa tindikali ya chumvi haina oksijeni hata chembe. Kiswahili kimelipokea neno kwa sauti yake tu, na kwa kuwa sauti hiyo haina maana nyingine kwa msikiaji, kosa limepita bila kumdhuru. Tafsiri ina faida ya kueleweka upesi, na hasara ya kutafsiri pamoja na makosa. Anayetaka kutafsiri jina la elimu afadhali achunguze kwanza kama limejengwa juu ya jambo linaloonekana, kama rangi ya klorini, au juu ya fikira ya wakati wake. Likiwa la namna ya pili, kulikopa ni salama zaidi.